MBOJI INACHUKUA MUDA GANI? HISTORIA YA MRADI WETU WA TAKA ZA SOKONI



Katika kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, kamati ya sherehe iligawa kazi za kuandika. Katibu amepewa historia ya hisa na mikopo. Mweka Hazina amepewa mahesabu. Mimi Mwenyekiti nimepewa mradi wa mboji, ati kwa sababu ndiyo niliougombania sana. Nimepokea. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo mtanisamehe pale maneno yatakapokwenda kama tunavyoongea kikaoni.

Kila mgeni anayefika kwenye uwanja wetu kule Buguruni huuliza swali moja: "Mama, hii inachukua muda gani mpaka iwe tayari?" Ni swali dogo, lakini mwaka 2016 lilitaka kukivunja kikundi. Kwa hiyo historia yangu naifuata kwa swali hilo hilo.

TAKA ZA KARIAKOO NI ZA ZAMANI

Watoto wetu wengi hawajui kwamba jina Kariakoo linatokana na vita. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, walikusanya hapa wapagazi wao wa jeshi, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Soko likaanza mwaka 1923. Jengo kubwa la ghorofa, lile lenye paa la miavuli ya zege, lilichorwa na msanifu wetu Mtanzania, marehemu Beda Amuli, na Mwalimu Nyerere akalifungua Desemba 1975.

Sasa soko ni taka. Hakuna soko lisilo na taka. Lori la kabichi likitoka Lushoto au Njombe, majani ya nje yote yanabaki hapa. Nyanya zilizopondeka ndani ya tenga zinabaki hapa. Maganda ya ndizi na machungwa, makapi ya miwa, maganda ya mahindi mabichi, vyote vinabaki Kariakoo. Chakula kinakwenda Masaki, Mbagala na Kimara, sisi tunabaki na maganda.

Sisi tuliokuwa vijana wakati huo tunakumbuka habari ya Tabata. Taka za mji mzima zilikuwa zinamwagwa kule na kuchomwa, wananchi wanavuta moshi usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, na wakashinda. Wananchi wa kawaida kulishinda Jiji mahakamani, si jambo dogo. Lakini taka zenyewe hazikwisha, zilihama tu. Dampo likaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Mwaka 1994 kazi ya kuzoa taka katikati ya mji ikaanza kupewa kampuni binafsi, na wananchi tukaanza kulipa ada. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Ndugu Charles Keenja, na hapo mji ulisafishwa kweli kweli.

Katika miaka yote hiyo fikra ilikuwa moja: taka ni kitu cha kuondolewa, na kadiri zinavyopelekwa mbali ndivyo ilivyo bora. Sisi wenye vibanda sokoni hatukuwa na wazo kwamba jani la kabichi lina bei.

MWAKA 2015

Kikundi chetu kilianza mwanzoni mwa 2015, tukiwa akina mama wauza mboga, mama lishe, wauza vitumbua na mafundi cherehani. Agosti ya mwaka huo kipindupindu kikaingia Dar es Salaam. Mama lishe ndio walioumia kwanza, maana mteja akisikia kipindupindu hali tena kando ya barabara. Wanachama wengi walishindwa kununua hisa kwa majuma kadhaa.

Halafu ikaja tarehe 9 Desemba 2015. Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za mwaka ule, akaagiza siku hiyo nchi nzima ifanye usafi. Sisi kikundi tulitoka na mafagio yetu, vitenge vimefungwa viunoni. Tulizoa mpaka saa sita mchana. Tulipomaliza, tukawa tumesimama mbele ya lundo la taka refu kuliko mtu, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ni majani na maganda.

Mwanachama mmoja, mwenyeji wa Mbinga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kwetu hii ingekuwa mbolea." Neno hilo ndilo lililoanzisha mradi.

MKOPO WA KWANZA NA UGOMVI WAKE

Kikao cha Aprili 2016 kilikubali mradi wa mboji. Mwanachama mmoja alitupa uwanja wa nyuma ya nyumba yake Buguruni. Wanachama wanane waliojiunga na mradi walikopeshwa na kikundi shilingi 640,000. Tulinunua maturubai mawili, reki, uma za kugeuzia, ndoo na magunia, na fedha iliyobaki ikalipa guta la kusomba taka kutoka sokoni. Masharti yalikuwa yale yale ya mikopo yote: miezi mitatu, na riba.

Hapo ndipo kosa la masharti lilipojificha. Katiba yetu ilitungwa na watu wanaouza vitumbua na mboga. Mtu wa vitumbua fedha yake inarudi siku ile ile. Mtu wa mboga inarudi kesho yake. Kwa biashara za namna hiyo miezi mitatu ni mingi. Lakini hakuna aliyejua mboji inahitaji miezi mingapi.

Tukaanza kuuliza, na kila tuliyemuuliza alikuwa na jibu lake. Muuzaji mmoja wa pembejeo alituambia ana dawa ya kumimina, lundo litaiva siku 14. Kijana mmoja aliyesoma kilimo akasema miezi mitatu. Mama mwingine, mzaliwa wa Makete, akasema kwao wanaacha tangu mavuno mpaka msimu ujao. Na mwanachama wetu ambaye binti yake anaishi Sweden alikuja na ujumbe kwenye simu: binti kauliza majirani zake, wamemwambia mwaka mmoja, na wengine miaka miwili.

Basi kikao cha Juni kilikuwa moto. Fikiria mwenyewe: siku 14, miezi mitatu, mwaka, miaka miwili! Wengine wakasema tumetapeliwa, fedha ya kikundi imezikwa kwenye takataka. Wakataka mradi ufungwe, wale wanane wakatwe hisa zao. Mmoja wa wale wanane alikuwa mjane mwenye watoto wanne, na hisa hizo ndizo zilikuwa ada ya shule ya Januari. Nilimtazama usoni na sitasahau. Tulipiga kura, na kwa tofauti ya kura tatu mradi ulipewa muda mpaka Septemba.

Tangu hapo tukaamua tusibishane tena kwa maneno. Tukanunua daftari. Kila lundo likapewa namba, tarehe ya kuanza, lilichotiwa ndani, siku lilipogeuzwa, na siku lilipoiva. Daftari hilo lipo mpaka leo, na tumeshafika la tatu.

WAZEE WALIKUWA WANAJUA

Tulipoanza kuandika ndipo tulipoanza kuelewa kwamba majibu yote yale yalikuwa ya kweli, isipokuwa la yule wa dawa. Kila mtu alisema ukweli wa mahali pake.

Chukua Wamatengo wa Mbinga. Kule ni milimani na kuna baridi. Kwa zaidi ya miaka 100 wanalima kwa ngoro. Mvua za masika zikielekea mwisho, wanafyeka majani, wanayaacha yakauke, wanayapanga kwa mistari inayokatana kama vyumba vya mraba, kisha wanachimba udongo wa katikati na kuyafukia. Juu ya tuta wanapanda maharage. Majani yanaoza taratibu chini ya udongo, na mvua za mwaka zinapoanza tena, mahindi yanakuta chakula kiko tayari. Shimo la katikati linazuia maji yasichukue udongo. Yule mama wa Mbinga alisema kwao hakuna anayeuliza majani yataoza lini, kwa sababu msimu wenyewe ndio saa yao.

Wafipa kule Sumbawanga nao wana namna yao. Majani na udongo hufanywa vilima vidogo vidogo mvua zikiwa bado zipo, na msimu unaofuata vilima husambazwa na kupandwa ulezi. Mahali pa baridi, watu wa zamani waliona kwamba uozo ni wa polepole, wakaupangia msimu mzima, wala hawakushindana nao.

Wazungu nao walichelewa kujifunza. Mwingereza Albert Howard alifanya kazi mji wa Indore, India, kuanzia 1924 mpaka 1931, akiangalia jinsi wakulima wa kule wanavyotumia taka za shamba na samadi. Akapanga utaratibu wa kuchanganya majani na samadi, kumwagia maji na kugeuza, na mboji ikaiva kwa muda wa miezi mitatu. Utaratibu huo uliitwa wa Indore. Mwaka 1933 ulishaanza kutumika kwenye shamba la kahawa la Kingatori karibu na Kabete, Kenya. Kwa hiyo miezi mitatu ya yule kijana wa kilimo ina historia yake, na ni ya nchi ya joto.

Zipo pia njia za haraka. Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, kimefundisha njia ya siku 14 mpaka 18. Lakini huko unakatakata kila kitu vipande vidogo, unajenga lundo kubwa kwa siku moja, na unaligeuza karibu kila siku. Sisi tuna vibanda vya kuangalia. Nani atageuza kila siku? Haraka ya mboji inalipwa kwa mgongo wa mtu.

KWA NINI KWENYE BARIDI INACHELEWA

Sasa nirudi kwa binti wa Sweden, maana jibu lake ndilo lililotutia hofu zaidi.

Kinachoozesha taka ni viumbe hai, vijidudu ambavyo jicho halivioni, bakteria na kuvu. Vinakula, vinapumua, vinakunywa, na vikifanya kazi kwa wingi vinatoa joto. Ndiyo maana ukichoma fimbo katikati ya lundo zuri na kuichomoa baada ya dakika chache, utaikuta ya moto, wakati mwingine huwezi kuishika. Lundo lililokaa sawa hufika nyuzi joto 55 mpaka 65, na joto hilo linaua mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa. Likipita 70, hata vijidudu vyenyewe vinaanza kufa, na hapo inabidi uligeuze lipoe.

Vijidudu hivyo vikipata baridi vinalegea. Kwa kawaida joto likishuka kwa nyuzi 10, kasi yao inapungua karibu nusu. Maji yakiganda kuwa barafu, vinalala kabisa. Havifi vyote, vinasubiri. Mtu wa Sweden anayejaza pipa lake la nyuma ya nyumba mwezi wa Oktoba, kuanzia Desemba mpaka Machi pipa lake ni jiwe. Kazi inaanza tena majira ya joto yakirudi. Kwa hiyo katika miezi 12 aliyohesabu, huenda miezi minne au mitano hakuna kilichofanyika. Ndiyo maana kule watu huuziwa mapipa yenye kuta nene, kama chupa ya chai, ili joto la ndani lisitoke. Wenye eneo hujenga lundo kubwa, kwa sababu lundo kubwa hujifunika lenyewe: nje barafu, ndani moto. Lundo dogo halina ndani. Tangu zamani wataalamu wanashauri lisipungue mita moja kwa mita moja kwa mita moja.

Yule mama wa Makete aliposikia hayo alicheka. Akasema, "Mbona na sisi Juni na Julai asubuhi unakuta umande umeganda mweupe kwenye majani? Bibi yangu alikuwa anafunika shimo kwa migomba na udongo, anasema mbolea nayo inasikia baridi." Kumbe Makete na Sweden ni ndugu, tofauti ni urefu wa baridi tu.

Na Dar es Salaam? Wastani wa joto letu la mwaka ni kama nyuzi 26. Hata usiku wa Julai, tunapojifunika khanga mbili na kulalamika, ni kama nyuzi 18 au 19. Vijidudu vyetu havilali mwaka mzima. Basi hofu ya mwaka mmoja haikutuhusu. Lundo Namba 1, tuliloanza mwisho wa Mei 2016 bila kujua lolote, liliiva baada ya majuma 17. Lundo Namba 3, tulilokatakata taka zake na kuligeuza kila juma, liliiva kwa majuma 11, na tukaliacha mwezi mmoja zaidi litulie. Septemba, kabla ya kikao, tulikuwa tumeuza magunia ya kwanza kwa wauza maua na miche wa kando ya barabara. Mkopo ulilipwa wote pamoja na riba. Yule mjane hakukatwa hisa hata moja.

BARIDI YETU SISI NI MASIKA

Ningependa kuishia hapo kwa vigelegele, lakini historia ni lazima isemwe yote.

Machi 2017 tulijenga malundo manne kwa mpigo, maana tulishajiona mafundi. Mvua za masika zikaanza. Turubai moja lilichanika, jingine likachukuliwa na upepo. Malundo yakalowa mpaka chini. Katika juma la pili yakaanza kunuka yai bovu, funza wakajaa, nzi wakawa wingu. Majirani wakaja, wana haki. Bwana afya akaja. Tukachoma fimbo, ikatoka baridi kama imetoka kisimani.

Mama mmoja akauliza, "Jamani, mbona hili limekuwa la Sweden?" Watu wakacheka, lakini alikuwa amesema neno kubwa. Vijidudu vinahitaji hewa. Lundo likijaa maji, hewa inatoka, wale wazuri wanalala kama kwenye barafu, na wanaingia wengine wasiotaka hewa, ambao wanafanya kazi polepole na kwa harufu mbaya. Malundo yale ya Machi yaliiva Septemba, miezi sita. Kwa hiyo hapa kwetu kinacholaza lundo si theluji, ni maji. Na kiangazi cha Januari na Februari kina ubaya wake pia: lundo linakauka, linabaki majani makavu ambayo hayaozi wala hayafi.

Tulijifunza dawa yake kwa kuhangaika. Kwanza, lundo likae mahali palipoinuka, chini tandaza matawi ili maji yapite na hewa iingie. Pili, taka mbichi za soko ni maji matupu. Kabichi, nyanya na tikiti zikiwa peke yake zinageuka uji. Lazima zichanganywe na vitu vikavu: majani makavu, maranda ya fundi seremala, maganda makavu ya mahindi, makaratasi. Sisi tunapima kwa ndoo, ndoo moja mbichi kwa ndoo mbili za vikavu vya majani, na maranda tunapunguza kwa sababu yanachelewa kuoza. Tatu, shika kiganja cha mboji ukaminye. Yakitiririka maji, ongeza vikavu. Ikisambaratika kama mchanga, nyunyizia maji. Ikishikana na kulowesha kiganja tu, hapo pazuri. Nne, paa. Tulijenga kibanda cha mabati machakavu, na hilo ndilo liliokoa mradi. Aprili 2018 bonde la Msimbazi lilipofurika mpaka barabara ya Jangwani ikafungwa, malundo yetu yalikuwa makavu chini ya bati.

DAFTARI LILIVYOBADILISHA KATIBA

Oktoba 2017 niliingia kikaoni na daftari. Tulisoma malundo yote moja moja. Yaliyoanzwa kati ya Juni na Septemba, miezi mitatu mpaka minne. Yaliyoanzwa kabla ya masika bila paa, sita. Lililotiwa makumbi ya nazi, tulilichekecha na makumbi yakatoka kama yalivyoingia, tukayarudisha kwenye lundo jipya, na mengine nadhani yatatuzika sisi.

Kikao kikabadilisha kifungu cha mikopo. Kuanzia siku ile muda wa mkopo katika kikundi chetu unafuata kazi ya mkopaji. Wa vitumbua na mboga ni miezi mitatu kama zamani. Wa cherehani mpya ni sita. Wa mboji ni miezi sita, na unaoanza Machi unaongezewa miwili. Kuku wa mayai naye akapata kifungu chake. Wapo waliosema tutaharibu nidhamu. Mweka Hazina ataeleza ukurasa wake, ila mimi naweza kusema kwamba tangu kifungu kile hatujawahi kukata hisa za mwanachama kwa mkopo wa mradi huu.

Hili ndilo ninalotaka wajukuu wetu walisome. Ugomvi wa 2016 haukuwa wa uaminifu. Wale wanane walikuwa waaminifu, na waliotaka wakatwe walikuwa wanalinda fedha ya wote. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunadai kitu kabla ya wakati wake kwa sababu hatukujua wakati wake. Mdai na mdaiwa wote wakijua lundo linaiva lini, hawana cha kugombania.

MAMBO YALIYOKUJA BAADAYE

Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini. Kwetu ilikuwa neema, maana kazi ya kuchambua rambo katika kila ndoo ilipungua sana, ingawa vifungashio vingine bado tunavikuta.

Tarehe 10 Julai 2021 soko letu la Kariakoo liliungua usiku. Mtu akiona jengo lile linawaka, jengo la Mwalimu, hana maneno. Wanachama wetu kadhaa walipoteza mali yote. Wafanyabiashara wakatawanywa masoko mengine, na taka zetu zikatawanyika nao. Miezi ile tulikusanya kwa mama lishe wa Ilala na Buguruni, ndoo kwa ndoo. Fedha ya mboji haikuwa nyingi, lakini ilikuja, na ndiyo iliyowanunulia hisa wenzetu walioungua.

Tumefurahi pia kuona Serikali imeiona njia hii. Mabwepande, kule walikohamishiwa watu wa bondeni baada ya mafuriko ya Desemba 2011, Manispaa ya Kinondoni ilijenga kiwanda cha mboji kinachopokea taka za masoko, kwa msaada wa Ujerumani na ushirikiano na mji wa Hamburg, ambao ni rafiki wa Dar es Salaam tangu 2010. Hamburg nako Januari ni baridi karibu ya kuganda. Watu wa baridi na watu wa joto wamekutana kwenye lundo moja.

JIBU LA SWALI

Basi mgeni akiuliza mboji inachukua muda gani, hili ndilo jibu la kikundi chetu. Kwa mji wetu wa Dar es Salaam, lundo la mita moja kila upande, lililochanganywa mbichi na kavu, likageuzwa kila juma na kukaa chini ya paa, miezi mitatu, na mmoja wa kutulia. Usipogeuza, mitano mpaka sita. Ukiliacha linyeshewe masika, ongeza. Kama unaishi Makete, Lushoto juu au Mbinga, panga msimu mzima na ufunike vizuri. Kama mtoto wako yuko nchi ya theluji, mwambie asikate tamaa pipa likiganda, asilimwage, asubiri jua lirudi.

Na itakayokuambia imeiva ni mboji yenyewe, kalenda inasaidia tu. Iwe nyeusi au kahawia, inukie udongo baada ya mvua, isiwe na joto hata ukiigeuza, na usitambue tena lipi lilikuwa ganda la ndizi na lipi jani la kabichi. Ukiwa na wasiwasi, panda mbegu chache za mchicha kwenye kopo la mboji hiyo. Zikiota vizuri na majani yasiwe ya njano, uza. Zikikataa, rudisha lundoni.

   Lundo Namba 141 limeanzwa juma lililopita na limeshapata joto. Anayetaka kujiunga na mradi aje Jumamosi saa mbili asubuhi, avae viatu vya kufunika vidole, na daftari lipo asome mwenyewe.

Mwenyekiti wa Kikundi
Kariakoo, Dar es Salaam, 2025